Kikundi Si Aina: Takwimu za Kugawa Seli na Wajibu wa Mwanakiswahili

Utangulizi

Ndege wafananao huruka pamoja, ndivyo walivyonena wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kuelezea urafiki, ilhali ndani yake mmejificha nadharia nzima ya upangaji wa vitu: kwamba vinavyofanana ni vya fungu moja. Kile ambacho methali haikukisema ni mfanano upi unaozingatiwa, na ni nani mwenye mamlaka ya kuuteua. Popo huruka kama ndege, lakini ana meno na humnyonyesha mwanawe. Ukipanga kwa mabawa, atakwenda na njiwa. Ukipanga kwa maziwa, atakwenda na mbuzi. Popo mwenyewe hajabadilika. Kilichobadilika ni kigezo.

Suala hili la kigezo ndilo ninalodhamiria kulijadili katika makala haya, ila nitalijadili mahali ambapo pengine wasomaji wa jarida hili hawakulitarajia: katika maabara ya biolojia, ambako takwimu hutumiwa kugawa seli za mwili katika vikundi kwa kuchunguza jeni zinazofanya kazi ndani ya kila seli. Msimamo wangu ni kwamba kikundi cha seli kinachotolewa na kompyuta ni dai, na dai huhitaji ushahidi, jinsi tasnifu ya mhakiki inavyohitaji ushahidi kutoka katika matini. Labda msomaji atauliza: mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini maabarani? Jawabu ni kwamba mwanabiolojia akishamaliza hesabu zake huingia katika kazi yetu. Hutoa majina, huweka mipaka ya maana, kisha husimulia. Hapo ndipo makosa mengi hutokea, na hapo ndipo tunapoweza kusaidia.

Ni nini kinachopimwa?

Mwili wa mtu mzima hukadiriwa kuwa na seli kati ya trilioni 30 na trilioni 37. Seli zenye kiini hubeba nakala ya maandishi yaleyale ya urithi, yaani DNA, yenye jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Iweje basi seli ya jicho iwe ya jicho na ya ini iwe ya ini? Ni kwa sababu kila seli husoma kurasa zake tu. Jeni inayosomwa huandikiwa nakala za RNA, na nakala hizo zikihesabiwa hutujulisha seli inashughulika na nini. Ni kama diwani moja iliyo mikononi mwa waghani wengi: kila mmoja anayo nzima, lakini kila mmoja ameteua tungo atakazoghani.

Kwa muda mrefu hesabu hiyo ilifanywa kwa kusaga maelfu ya seli pamoja, na kilichopatikana kilikuwa wastani. Lakini wastani wa sauti za soko zima haukuelezi nani aliuza samaki na nani alinunua. Mwaka 2009, Fuchou Tang na wenzake, katika maabara ya Azim Surani kule Cambridge, Uingereza, walichapisha njia ya kusoma RNA za ujumbe za seli moja pekee. Msomaji Mkenya atafurahi kujua kwamba Surani alizaliwa Kisumu mwaka 1945. Kufikia mwaka 2015, mbinu ya kuifungia kila seli ndani ya tone dogo mno iliwawezesha Evan Macosko na wenzake, nchini Marekani, kusoma seli 44,808 za retina ya panya katika utafiti mmoja na kuzigawa katika vikundi 39.

Matokeo ya kazi kama hiyo ni jedwali kubwa: safu mlalo moja kwa kila jeni, safu wima moja kwa kila seli, na katika kila kisanduku idadi ya nakala zilizohesabiwa. Katika mbinu za matone, mara nyingi zaidi ya asilimia 90 ya visanduku hivyo huwa na sufuri. Sufuri nyingine ni za kweli: jeni ilikuwa imenyamaza. Nyingine zatokana na upungufu wa kipimo: jeni ilisema, ila hatukuisikia. Jedwali lenyewe halituambii ipi ni ipi. Aliyewahi kushughulikia miswada ya kale iliyoliwa na mchwa anaielewa tofauti hii barabara, kwamba pengo katika mswada si lazima liwe kimya cha mtunzi.

Namna za kuunda vikundi

Jedwali lenye safu 20,000 halisomeki kwa macho. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kupunguza. Huteuliwa jeni elfu moja au elfu mbili ambazo hubadilika zaidi kutoka seli moja hadi nyingine, kisha habari zake hubanwa katika vipimo vichache, aghalabu makumi tu, kwa hesabu iliyoasisiwa na Karl Pearson mwaka 1901. Tayari, hata kabla ya kikundi chochote kuundwa, kuna mtu aliyekwisha kuamua lipi ni la maana na lipi ni la kutupwa.

Miongoni mwa njia kongwe ni ile ya vitovu, ambayo Hugo Steinhaus wa Poland aliieleza mwaka 1956 na James MacQueen akaipa jina lake la kitaalamu mwaka 1967. Mtafiti hutangaza mapema idadi ya vikundi anavyovitaka, tuseme vitano. Kompyuta huweka vitovu vitano, kila seli hujiunga na kitovu kilicho karibu nayo, kila kitovu husogezwa hadi katikati ya wafuasi wake, na zoezi hurudiwa mpaka pasiwe na seli inayohama. Njia hii ni nyepesi na ya haraka. Udhaifu wake ni kwamba haina ulimi wa kusema, "Bwana, hapa hapana vikundi vitano." Ukiiomba vitano itakupa vitano, hata kama ulichoipa ni wingu la nukta lisilo na mgawanyiko wowote.

Njia ya pili ni ya mti. Joe Ward aliichangia pakubwa mwaka 1963. Seli mbili zinazofanana mno huunganishwa, kisha jozi huunganishwa na jozi, hadi seli zote ziwe matawi ya shina moja. Mwanaisimu aliyewahi kuuona mchoro wa nasaba ya lugha za Kibantu atautambua mti huu mara moja. Atalitambua pia tatizo lake: mti hausemi ukatwe wapi.

Njia inayotamalaki siku hizi ni ya ujirani. Kila seli huunganishwa na majirani wake wa karibu, mathalani 20, na kwa jinsi hiyo hupatikana mtandao. Kisha hutafutwa mitaa ndani ya mtandao huo, yaani sehemu ambazo wenyeji wake wameunganika wao kwa wao kuliko walivyounganika na watu wa nje. Algoriti mashuhuri ya kazi hii, iitwayo Louvain, ilitungwa na Vincent Blondel na wenzake nchini Ubelgiji mwaka 2008, wala haikutungwa kwa ajili ya seli. Mojawapo ya mitandao waliyoijaribia ilikuwa ya wateja milioni 2 wa simu za mkononi nchini humo. Kompyuta iliambiwa tu nani alimpigia nani, lakini mitaa mikubwa iliyojitokeza iligawanyika baina ya wasemaji wa Kifaransa na wasemaji wa Kiholanzi, huku mtaa mmoja wenye mchanganyiko wa lugha ukiwa daraja kati ya pande mbili. Mfano huu unatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ni ushahidi wa jinsi lugha inavyojenga jamii. Pili, mitaa hiyo iliaminika kwa kuwa lugha ya mteja ilijulikana kutoka nje ya hesabu. Mwaka 2019, Vincent Traag na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba Louvain inaweza hata kutoa mtaa ambao sehemu zake hazijaunganika kamwe, wakatunga algoriti ya Leiden ili kulitibu tatizo hilo.

Algoriti hizi haziulizi idadi ya vikundi, na wengi hufurahi wakidhani kwamba uamuzi wa mtu umeondoka. La hasha! Huuliza kiwango cha upambanuzi. Katika Seurat, programu iliyopewa jina la Georges Seurat, mchoraji Mfaransa aliyechora kwa nukta, kiwango usichokigusa ni 0.8. Katika programu ya Scanpy, ni 1. Ukikipandisha, vikundi huongezeka, ukikishusha, hupungua. Hakuna mwili wa binadamu uliotamka hiyo 0.8. Ni mtunzi wa programu aliyeiweka, na mtumiaji anaweza kuigeuza mpaka aone vikundi alivyotarajia kuviona. Mwamba ngoma huivutia kwake.

Kifaru, lahaja na seli

Sisi tuliosoma Kiswahili tumekwisha kukumbana na mambo haya. Wilhelm Bleek na Carl Meinhof waliainisha nomino za Kibantu kwa kuegemea viambishi awali, wakazipa ngeli nambari. Katika shule za Kenya tunazipanga kwa upatanisho wa kisarufi: A-WA, KI-VI, LI-YA na kadhalika. Kwa kigezo cha umbo, kifaru, kiboko na kipofu wako pamoja na kiti na kisu. Kwa kigezo cha upatanisho, kifaru amelala na kiti kimevunjika, kwa hiyo wanatengana. Hakuna mwanaisimu makini atakayedai kwamba mojawapo ya mikabala hii imeokotwa porini. Kila mmoja una kigezo kilichotajwa waziwazi, na hupimwa kwa kazi unayoifanya. Huu ndio uwazi ninaoutaka kwa mgawaji wa seli: atutajie kigezo chake kabla ya kututajia matokeo yake.

Lahaja zinatufunza jambo jingine. Kiamu, Kimvita na Kivumba ni majina halali, na kila moja lina sifa zake. Hata hivyo, mtu anayesafiri pwani kutoka Lamu hadi Vanga haoni bango linalomwambia kwamba hapa lahaja moja imekoma na nyingine imeanza. Baadhi ya sifa hubadilika kijiji baada ya kijiji. Seli nazo zina mwambao wake. Ndani ya uboho wa mifupa, seli changa hukua hatua kwa hatua hadi kuwa seli za damu, na nyingi hukamatwa na kipimo zikiwa njiani. Algoriti ya vikundi ikipewa mwendelezo kama huo itaukata vipande. Kila kipande kitapewa jina, jina litaingia katika makala, na makala yatakayofuata yatalinukuu kana kwamba ni aina iliyothibitishwa. Si ajabu kwamba mwaka 2014 Cole Trapnell na wenzake walileta njia ya kuzipanga seli kwenye barabara ya ukuaji wake badala ya kuzitia katika vikapu.

Kosa la mviringo

Hatari iliyo kubwa zaidi huja baada ya vikundi kupatikana. Kwa kawaida mtafiti huuliza: ni jeni zipi zinazotofautisha kikundi cha kwanza na cha pili? Hufanya jaribio la takwimu, akaambiwa kwamba uwezekano wa tofauti hiyo kutokea kwa sadfa ni mdogo kupindukia, akashangilia. Amesahau kwamba vikundi viliundwa kwa kutumia tofauti zizo hizo.

Hebu tumfikirie mhakiki anayechukua mashairi 100, akayagawa mafungu mawili, yenye sitiari nyingi na yenye sitiari chache. Kisha anazihesabu sitiari, anakuta kwamba fungu la kwanza limelizidi la pili kwa mbali, na anatangaza kuwa amegundua mikondo miwili ya ushairi. Katika semina yoyote tungemcheka, kwani alichokivuna ndicho alichokipanda. Hata hivyo, hoja ya sura hii hupita bila kutiliwa shaka ikivishwa joho la hesabu. Mwaka 2022, Lucy Gao, Jacob Bien na Daniela Witten walichapisha makala yaliyoonyesha kwamba jaribio la kawaida, likitumiwa baada ya kuunda vikundi kwa data ileile, hutangaza tofauti mara nyingi mno hata pale ambapo data yote imetoka katika chanzo kimoja. Walipendekeza hesabu inayozingatia kwamba vikundi vyenyewe viliteuliwa na data.

Msomaji anaweza kudhani kwamba dawa ni kugawa seli nusu kwa nusu: nusu ya kuundia vikundi, nusu ya kuvipimia. Dawa hiyo haitoshi, kwa maana seli za nusu ya pili nazo sharti zipewe vikundi kabla ya kupimwa, na mviringo unarudi pale pale. Anna Neufeld na wenzake wameleta wazo la kugawa hesabu zilizomo ndani ya kila seli. Nakala za RNA zilizohesabiwa hutengwa kwa bahati nasibu katika mafungu mawili. Fungu moja huunda vikundi, jingine huvijaribu. Nao Isabella Grabski, Kelly Street na Rafael Irizarry, mwaka 2023, walitoa njia ya kuuliza katika kila tawi la mti kama mgawanyiko unaoonekana umezidi ule ambao kelele za kipimo pekee zingeweza kuuzaa. Hizi ni jitihada za kuipa kompyuta ule ulimi niliosema haina, ili iweze kukiri kwamba hapa hapana vikundi viwili.

Faida na hasara

Isidhaniwe kwamba ninaibeza elimu hii. Mwaka 2018, makundi mawili ya watafiti yalitangaza katika jarida la Nature kwamba yamepata katika njia ya hewa seli ambayo haikuwa ikijulikana pale, iliyo adimu kiasi cha kutozidi takriban 1 katika kila 100. Waliiita ionositi ya mapafu. Uzito wa habari hiyo ni kwamba seli hizo chache ndizo zilizoonekana kuitumia kwa wingi jeni ya CFTR, ambayo ikiharibika huleta ugonjwa wa kurithiwa wa sistiki faibrosisi, unaoziba mapafu kwa makamasi mazito. Jeni hiyo ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1989, lakini makao yake haya hayakuwa yamejulikana. La kuzingatia ni kwamba watafiti hawakuishia kwenye vikundi vya kompyuta. Waliziona seli zenyewe kwa hadubini ndani ya tishu, na jeni iitwayo Foxi1 ilipozimwa katika panya, udhihirikaji wa Cftr katika seli hizo ulipotea. Huo ndio ushahidi wa nje, sawa na lugha za wateja wa simu kule Ubelgiji.

Kwa upande wa pili, kikundi kidogo kinaweza kuwa kivuli tu. Seli mbili zilizofungiwa kwa bahati mbaya katika tone moja huonekana kama aina mpya iliyo katikati ya hizo mbili. Seli zilizosumbuliwa wakati wa kutenganishwa na tishu huwasha jeni za dharura, zikaunda kikundi cha walioumia. Seli zilizotayarishwa Jumatatu zinaweza kujitenga na za Jumanne, si kwa asili yake, bali kwa sababu ya mkono wa mtayarishaji. Anayetafuta tiba akikifuata kivuli cha namna hii, miaka na fedha za wagonjwa zitapotea.

Wajibu wetu

Hapa ndipo mwanakiswahili anapohitajika. Mwaka 1665 Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande cha gamba la mti litumiwalo kutengenezea vizibo, akaona visanduku vilivyomkumbusha vyumba vidogo, akaviita hivyo. Kiswahili kilitohoa neno seli, na pia kikaunda chembehai. Jina la kwanza limebeba sitiari ya chumba, la pili limebeba sitiari ya punje yenye uhai. Jina si kibandiko kisicho na uzito, huelekeza fikra.

Kwa mintarafu hiyo, napendekeza tahadhari kuhusu kitenzi tunachokipenda mno, kuainisha. Kitenzi hiki kimetokana na aina. Tukiandika katika gazeti au kitabu cha shule kwamba kompyuta imeainisha seli, tumekwisha kukiri kwamba aina zipo, na kazi ya kompyuta ilikuwa kuzitambua tu. Dai limeingia kwa mlango wa nyuma wa mofolojia. Ni heri tuseme kwamba kompyuta imeunda vikundi, au imegawa seli katika vikundi, kisha neno aina tuliweke akiba mpaka ushahidi wa nje ya hesabu upatikane. Kwa utaratibu huu, sentensi "vikundi 39 vilipatikana" na sentensi "aina 39 zimethibitishwa" zitakuwa kauli mbili tofauti, kama zinavyostahili kuwa. Hili halihitaji istilahi mpya hata moja. Linahitaji nidhamu katika matumizi ya maneno tuliyo nayo.

Kuna watakaopinga kwamba tofauti hii ni ya wanaleksikografia wenye muda wa kupoteza, kwani mwanasayansi anajua anachokimaanisha. Pengine anajua. Lakini mwanafunzi wa kidato cha nne, mwanahabari na mgonjwa hawasomi nia ya mwanasayansi. Wanasoma maneno yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba njia za takwimu za kugawa seli zina uamuzi wa mtu katika kila hatua: jeni zinazoteuliwa, idadi ya vitovu, mahali pa kukata mti, kiwango cha upambanuzi. Uamuzi huo si aibu. Aibu ni kuuficha, na kuyajaribu matokeo kwa data ileile iliyoyazaa. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji shahada ya hisabati ili kuuliza maswali matatu: kigezo ni kipi, vikundi vingekuwaje kama kigezo kingebadilishwa, na ni ushahidi gani wa nje unaoviunga mkono? Maswali haya tunayauliza kila siku kuhusu ngeli, lahaja na bahari za ushairi. Ni wakati wahadhiri wetu waialike idara ya biolojia katika semina moja, nasi tuyaulize mbele yao kwa Kiswahili sanifu. Na wao wakitugeuzia maswali hayohayo kuhusu tasnifu zetu, tuwe na majibu.